Projekta ikikugomea ukumbini, iulize menyu kwanza

Shela ya bibi harusi ilikuwa nyeupe pale meza kuu, na ya njano kwenye skrini. Mama mkubwa wa bibi harusi alinifuata nilipokaa nyuma ya mashine, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mbona mtoto wetu anaonekana kama kapakwa manjano?" Nikamwamkia, nikamwomba dakika mbili. Nikazitumia kuzima projekta, kuiwasha, na kuizima tena. Jumatatu nikaipeleka kwa fundi, akaniambia taa imechoka. Nikanunua taa kwa fedha ambayo mashine ile ilihitaji kukodishwa mara nne kuirudisha. Njano ikabaki palepale. Kumbe ni pini moja tu ndani ya plagi ya waya, ilikuwa imelala.

Nakodisha projekta hapa Dodoma, huu ni mwaka wa 11: harusi, sendofu, semina, mikutano ya injili ya uwanjani, mechi za usiku. Ninazo tatu, na wateja wengi hunipigia hata wanapotumia mashine ya mtu mwingine. Maswali yao yanafanana sana, ndiyo maana nimeamua kuyaandika. Lakini kabla ya yote nataka ujue kitu ambacho ningekijua usiku ule nisingenunua ile taa.

Menyu ya projekta inachorwa na projekta yenyewe. Haitoki kwenye laptopu, haipiti kwenye waya wowote. Kwa hiyo picha ikiharibika, bonyeza Menu kwenye rimoti au mgongoni mwa mashine, halafu itazame vizuri. Ikiwa menyu ni safi, nyeupe yake ni nyeupe na maandishi yametulia, huku picha iliyo nyuma yake ni ya njano au inakatikakatika, projekta yako ni nzima. Ugonjwa uko kwenye waya, kigeuzi (kile kifaa kidogo cha kuunganisha matundu yasiyofanana), laptopu au king'amuzi. Ikiwa menyu nayo ni ya njano, ina madoa au imefifia, hapo sasa ishuku projekta. Ni jaribio la nusu dakika na halihitaji bisibisi.

Haiwaki kabisa

Hapa menyu haikusaidii, anza na umeme. Chomeka chaji ya simu kwenye tundu lilelile la ekstensheni ulilochomeka projekta. Simu isipochaji, umeshapata jibu. Ikichaji, badilisha waya wa umeme wa projekta. Kwa projekta nyingi za maofisini waya huo ni wa aina ileile inayotumika kwenye kompyuta ya mezani, kwa hiyo karibu kila ofisi unapatikana wa kuazima. Usukume mpaka mwisho. Waya uliovutwa na miguu ya wapambaji huachia kidogo, na kwa macho unaonekana umeingia.

Watu wengi wakiona taa ndogo nyekundu juu ya mashine hudhani imeungua. Kwa mashine nyingi, nyekundu au chungwa iliyotulia kwenye alama ya kuwashia maana yake ni kwamba umeme umefika na mashine inasubiri amri. Ya kuishughulikia ni ile inayopepesa, au inayowaka penye neno Lamp au Temp. Hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, kwa sababu kila kampuni ina hesabu zake na kitabu cha mashine kina jedwali lake.

Umeme ukikatika katikati ya shughuli kisha ukarudi, usikimbilie kuiwasha. Taa ya projekta za kawaida ni ya zebaki yenye mgandamizo mkubwa, na ikiwa ya moto haikubali kushika tena. Ukibonyeza mara kumi haitawaka, na unaichosha. Mwombe mshereheshaji ajaze dakika kumi kwa muziki, iache ipoe, ndipo ubonyeze mara moja. Kukatika kwa ghafla kunaiumiza taa kwa sababu feni inasimama wakati ndani kuna joto kali. Ndiyo maana projekta zangu zote zinapita kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Siihitaji iendeshe sherehe, nataka tu dakika chache za kuzima kwa utaratibu na kuiacha feni imalize kazi yake.

Kwenye jenereta, iache iungurume kwanza mpaka itulie, halafu ndipo uchomeke projekta. Na usikubali kuchomekwa ekstensheni moja na spika kubwa au friji la vinywaji. Ukutani kwetu ni volti 230, na projekta nyingi zimeandikwa 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo wa kawaida inauvumilia. Kinachoiua ni ule mruko wa ghafla friji linapowaka na kuzima.

Imewaka lakini inasema hakuna mawimbi

Menyu inaonekana, picha haipo. Hii ndiyo simu ninayoipokea kuliko zote, na mara nyingi huwa inaisha kabla sijatoka nyumbani.

Bonyeza Source au Input. Projekta ina matundu kadhaa na inatazama moja tu kwa wakati. Laptopu imechomekwa HDMI 1 na mashine inatazama HDMI 2, itakwambia hakuna kitu. Kwenye laptopu ya Windows, shika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, kisha chagua Duplicate ili skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Kuna wakati utaona picha ya mandhari tu ukutani bila faili zako: hapo imechaguliwa Extend, ukuta umekuwa skrini ya pili inayojitegemea. Mtoa mada anayejua kuitumia anafurahi, maana anasoma maandishi yake peke yake. Asiyejua anachanganyikiwa mbele ya watu. Laptopu za zamani hutumia Fn pamoja na kimojawapo cha vile vitufe vya juu chenye mchoro wa skrini.

Kama picha imegeuka giza tupu bila maneno yoyote, tafuta kitufe kilichoandikwa A/V Mute au Blank kwenye rimoti. Kazi yake ni kuficha picha wakati mtu anahutubia, na watoto wakiishika rimoti ndicho kitufe cha kwanza kubonyezwa. Jirani yake ni Freeze: picha inaganda na watu wanadhani laptopu imekufa, kumbe mtoa mada anaendelea kubadilisha kurasa bila wao kuziona. Na kwa projekta zenye kifuniko cha kuteleza mbele ya lenzi, hakikisha kimefunguka hadi mwisho. Baadhi hujizimia picha kikiwa nusu.

Sasa vigeuzi, maana vinasumbua sana. Kutoka HDMI kwenda VGA, lile tundu la zamani lenye safu tatu za vitundu, kinahitajika kigeuzi chenye sakiti ndani, kwa sababu HDMI ni ya kidijitali na VGA ni ya analogi. Waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule, unaouzwa bei ya soda mbili, kwa laptopu zetu hautoi kitu. Upande wa tundu dogo la Type-C, usidhani kila tundu linatoa picha. Mengine yamewekwa kwa chaji na mafaili tu, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo. Simu nyingi za bei ya chini ziko hivyohivyo, ndiyo maana nampigia kila mteja siku mbili kabla na kumuuliza picha zake ziko kwenye nini. Akisema ziko kwenye simu, namwomba aziweke kwenye flashi na mimi nabeba laptopu yangu.

King'amuzi nacho kina lake. Picha yake ya HDMI imefungwa kwa kinga ya hakimiliki, na ukiipitisha kwenye kigeuzi cha VGA unaweza kupata giza au maneno ya kukukatalia. Kichomeke moja kwa moja kwenye HDMI ya projekta. Kama projekta haina tundu la HDMI, tumia zile nyaya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Mechi itaonekana, ingawa si kwa ung'avu uleule.

Waya mrefu wa HDMI ukivuka mita 10, hasa wa bei rahisi, unaanza kuleta nyota nyota, au picha inakuja na kupotea. Shusha ukubwa wa picha kwenye laptopu kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 na mara nyingi inatulia. Ikikataa, sogeza laptopu karibu na projekta na umpe mtoa mada rimoti ya kubadilishia kurasa.

Rangi zimeharibika

Turudi kwenye shela; waya wa usiku ule ulikuwa wa VGA. VGA ina pini 15 katika safu tatu, na kila rangi ina pini yake: ya 1 ni nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Ikilala au ikikatika moja, rangi yake inatoweka kwenye picha nzima na zilizobaki zinachukua nafasi. Kitu cheupe ndicho kinachokwambia ukweli. Nyeupe ikiwa ya njano, buluu haifiki. Nyeupe ikiwa samawati yenye ukijani, nyekundu haifiki. Nyeupe ikiwa ya waridi iliyokolea kuelekea zambarau, kijani hakifiki. Fungua ukurasa mtupu wa maandishi kwenye laptopu, kisha tikisa plagi taratibu pande zote mbili. Rangi ikirudi na kupotea, umemkamata mwizi.

Chomoa waya, utazame plagi kwa tochi ya simu. Pini iliyolala ninainyoosha kwa kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile inayotiwa risasi nyembamba. Toa risasi yote. Ncha yake ina tundu linaloivaa pini vizuri, na unaisimamisha polepole bila kuikata. Kama safu ya kati inaonyesha nafasi moja tupu usishtuke, kwani nyaya nyingi hutengenezwa bila pini ya 9. Niliwahi kumwona kijana akitupa waya mzima kwa sababu hiyo.

Menyu nayo ikiwa na rangi mbaya, angalia kwanza mipangilio ya rangi. Baadhi ya mashine zina mpangilio wa kuonyeshea kwenye ubao wa darasa au ukuta wa rangi, na ukiachwa umewashwa unageuza kila kitu. Rudisha mipangilio ya kiwandani kupitia Reset. Ikibaki vilevile, hapo tena ni kazi ya fundi. Inaweza kuwa gurudumu la rangi kwa projekta za DLP (zinazochora picha kwa vioo vidogo vya kwenye chipu), ambalo likianza kuchoka hulia kama msumeno wa mbali, au kioo cha ndani kilichoungua kwa zile za LCD (zinazopitisha mwanga kwenye vioo vya ndani).

Inajizima baada ya dakika 20

Hapa nataka unisikilize sana, hasa wewe uliye kwenye vumbi kama sisi. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma ukishika, vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Chujio la hewa la projekta likijaa, feni inavuta bila kupata, joto linapanda, taa ya Temp inawaka, mashine inajizima. Imejilinda. Anayeiwasha tena papo hapo anailazimisha kuungua.

Msimu wa vumbi nasafisha machujio kila baada ya shughuli tatu, na ikiwa ni mkutano wa uwanjani, usiku uleule. Mashine iwe imezimwa na imepoa. Fungua kile kifuniko chenye matundu pembeni au chini, toa chujio, lipeleke nje, lifute vumbi kwa brashi laini au lipulize upepo kutoka upande wa ndani kwenda nje. Usipulize kwa blowa kali likiwa bado kwenye mashine, utalisukuma vumbi mpaka kwenye vioo vya ndani, na kulitoa huko ni gharama. Maji usitumie mpaka kitabu cha mashine kiwe kimeruhusu.

Angalia pia ilipokaa. Wapambaji wanapenda kuivisha meza kitambaa kinene, na kile kitambaa kikinyanyuka kinaziba matundu ya chini. Mimi hubeba kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini yake, na naacha angalau sentimita 30 kila upande unaopuliza joto. Hakuna kuweka mkoba wala maua hapo.

Njombe ndiko nilikojifunza jambo ambalo wengi hawalijui. Ukumbi ulikuwa wa baridi, watu wamevaa makoti, chujio nimelisafisha siku hiyohiyo, na bado projekta ilijizima mara mbili kwa joto. Nilikuwa sielewi. Kule juu hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo, hata ikiwa ya baridi. Ndani ya menyu kuna mpangilio wa High Altitude, ambao watengenezaji wengi wanautaka uwashwe ukivuka mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiuwasha, feni inakimbia zaidi, na kelele inaongezeka. Niliuwasha, shughuli ikaisha salama. Aliye Njombe, Makete, Mbeya au Nairobi aukague leo. Na ukirudi Dar es Salaam au Tanga, uuzime, kelele zile huko hazina kazi.

Ukungu, picha ya kupinda, madoa

Ukungu kwanza futa lenzi kwa kitambaa laini cha miwani, halafu zungusha pete ya kulenga ukiwa umeweka maandishi ukutani, siyo picha ya mtu. Ikiwa katikati pameeleweka na pembe hazieleweki, mashine haiutazami ukuta sawasawa. Isogeze na kuinyanyua mpaka iwe mbele ya katikati ya skrini. Keystone inanyoosha umbo la picha, lakini inafanya hivyo kwa kuibana na kuipunguzia undani, kwa hiyo iwe msaada wa mwisho. Herufi zikisomeka kinyumenyume au picha ikisimama kichwa chini, nenda kwenye menyu sehemu ya Projection na uchague Front.

Doa lisilohama hata ukibadilisha picha, jaribu hivi: zungusha pete ya kulenga taratibu hadi picha nzima ipotee. Kama kuna mahali doa lenyewe linakuwa na mipaka wazi, ni vumbi limekaa ndani kwenye njia ya mwanga, na fundi anaweza kulisafisha. Vidoti vyeupe vidogo kama nyota, vinavyoongezeka wiki hadi wiki kwenye projekta ya DLP, ni vioo vidogo vilivyokwama kwenye chipu yake. Havisafishiki, chipu inabadilishwa, na mara nyingi hesabu inakwambia ununue mashine nyingine.

Sauti sitaikawiza. VGA haibebi sauti kabisa. HDMI inaibeba, na laptopu huihamishia kwenye spika dogo la projekta bila kukuuliza. Bonyeza alama ya spika kwenye laptopu na uchague inakotakiwa kwenda. Mngurumo kwenye spika za ukumbi ukiisha unapochomoa chaji ya laptopu, umejua unakotoka.

Lini ni taa kweli

Ni taa pale menyu na picha vinapofifia kwa pamoja, mwanga unapocheza, au mashine inapojaribu kuwaka, ukasikia kama inashika, kisha ikaacha na Lamp ikaanza kupepesa. Kabla ya kutoa fedha, nenda kwenye menyu sehemu ya Information usome Lamp Hours. Taa nyingi zimekusudiwa saa 3,000 hadi 6,000 kwa mwanga wa kawaida, na zaidi ukitumia Eco, ule mpangilio wa kupunguza mwanga. Ikisoma saa 900, tafuta sababu nyingine kwanza. Ya kwangu usiku ule wa harusi ilikuwa na saa 1,140. Sikuitazama, na fundi naye hakuitazama.

Ukiibadilisha mwenyewe, chomoa umeme na uiache ipoe saa nzima. Usiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaacha alama inayopata joto kuliko sehemu nyingine na kukipasua. Kaza kifuniko chake mpaka mwisho, kwa sababu kuna swichi ndogo inayokataa mashine isiwake kikiwa kimelegea. Kisha rudisha hesabu ya saa kuwa sifuri kwenye menyu. Na taa ikipasuka ndani ya projekta, zima, fungua madirisha, toa watu, hasa watoto. Ina zebaki, na mvuke wake haufai kuvutwa.

Wakati wa kuita fundi ukifika, mwambie mambo matatu kabla hajagusa bisibisi: menyu ilionekanaje, saa za taa ni ngapi, na taa za juu zinapepesa mara ngapi kwa rangi gani. Zipige video kwa simu, umtumie. Akikwambia "lete tu, ni taa hiyo" bila kuyauliza, mtafute mwingine.